Semina za wakubwa, vidole vya vibarua

Ndugu msomaji, wewe unayesoma gazeti hili ukiwa kwenye foleni ya vibarua getini, hebu tazama mikono ya wenzako. Hesabu vidole.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakosa nafasi, niliangukia kibarua kiwanda kimoja cha plastiki jijini Dar es Salaam. Siku ya kwanza nikapewa karatasi nisaini kwamba nimefundishwa usalama kazini. Nikasaini, njaa haina shule. Mafunzo yenyewe yalikuwa nyapara kuninyooshea kidole mashine ya kusaga na kusema: "Ikikwama, chomoa fasta." Kuzima? Thubutu! Uzalishaji utashuka.

Mwezi wa pili mwenzangu akachomoa fasta. Glavu ikavutwa, vidole viwili vikabaki ndani. Bosi akasema ni uzembe, na karatasi yenye saini ikatolewa kabatini kuthibitisha.

Hivi nani alitufundisha kuwa glavu haivaliwi karibu na kitu kinachozunguka? Kwamba kabla ya kuingiza mkono unazima swichi kuu, unaipiga kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe mwenye mkono, si kwa nyapara? Somo hilo ni la nusu saa tu. Mimi nimelijua baada ya kuacha kiwanda na kuanza kuandika andika magazetini.

Sheria ipo. Sheria Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo ya usalama na afya. Kabla yake tulikuwa na ya mkoloni ya 1950; miaka 42 baada ya Uhuru ndipo wakubwa wakakumbuka kuibadilisha! Wakala wa kusimamia, OSHA, upo tangu 2001. Lakini pale kwetu semina alikwenda meneja wa utumishi, hotelini, akarudi na mkoba na posho. Wakaguzi walipokuja, sisi vibarua tuliambiwa tukanywe chai.

Na nyapara msimuonee. Naye hajafundishwa lolote, ila anadaiwa magunia kila jioni. Huyo ndiye wa kufundishwa kwanza, maana ndiye anayeamuru mashine iwake. Kule Bangladesh, Aprili 23, 2013, jengo la Rana Plaza lilionekana lina nyufa. Benki iliyokuwa humo ikawaondoa watu wake. Wasimamizi wa viwanda vya nguo wakawaamuru mafundi warudi kesho yake. Waliokufa walizidi 1,100.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema anayejiondoa kwenye hatari ya wazi inayomkabili asiadhibiwe. Nani kati yetu amewahi kusomewa hilo getini?

Kesho ukipewa karatasi ile, usisaini haraka. Muulize nyapara kwanza swichi kuu iko wapi, na kufuli lake nani analo.