Breki Si Hiari: Nani Aamue Laptopu Yako Ibebe Nini?

Kuna mjadala ambao vijana wengi wameuachia mainjinia wa ng'ambo, ilhali ndio unaoamua kama laptopu yako itaendelea kuwaka miaka ijayo: ni sehemu zipi za kerneli zinafaa kuwa za lazima, na zipi ziwe za hiari?

Usitishwe na jina. Kerneli ni programu ya chini kabisa kwenye mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa RAM na kuzungumza na diski, kibodi na printa. Ile ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Leo ina zaidi ya mistari milioni 30, na iko hata ndani ya simu yako ya Android.

Anayeiandaa hukutana na maswali maelfu. Mengi yana majibu matatu: ndiyo, iingie ndani moja kwa moja, hapana, iachwe nje, au iwe moduli, yaani ikae pembeni na kuitwa inapohitajika.

Hapa Longisa hilo si swali la vitabuni. Laptopu ambayo kijana anaimudu ni ile ya ex-UK, mara nyingi yenye RAM ya GB 2 au 4. Kwa hiyo hiyo anajazia watu fomu za HELB, anafungua eCitizen, anawasilisha ritani za KRA. Ikigoma, siku hiyo hakuna unga.

Msimamo wangu ni huu: fikiria matatu ya kwenda Bomet. Spika kubwa, taa za rangi na michoro ni hiari ya mwenye gari. Breki si hiari, hata kama abiria wote wako sawa bila hizo. Kinachomlinda mtu kiwe lazima. Kinachomfurahisha kiwe moduli.

Lakini moduli nayo isiwe ya kujiingiza yenyewe bila mwaliko. Mwaka 2017 liligunduliwa tundu la usalama kwenye DCCP, njia ya kusafirisha data ambayo karibu hakuna mtu wa kawaida aliyeitumia. Kosa hilo lilikuwa limelala humo tangu 2005. Kwenye mifumo mingi moduli hiyo ilipakiwa yenyewe programu yoyote ikiiomba, na mtumiaji wa kawaida angeweza kujipa mamlaka yote ya kompyuta. Yaani mlango usioutumia ndio mwizi anaupitia. Kama huhitaji kitu, kifungwe kabisa.

Sasa tuje kwa mashine za zamani, maana hapo ndipo tunapoumia. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32 za ukoo wa Intel. Cha kushangaza, kerneli ya Linux yenyewe bado inazikubali. Chaguo lipo, ila waandaaji wa Debian hawakuandalii tena. Unaweza kujiundia, sawa, lakini nani ana data, saa za kukaa na umeme usiokatika wa kufanya hivyo? Hiari ambayo mtu wa kawaida hawezi kuichagua si hiari, ni mapambo.

Wenzetu wanaotunza msimbo wana hoja pia, tusiwapuuze. Kila sehemu inayobaki lazima ijaribiwe na kurekebishwa na mtu. Msimbo usio na mlezi ndio huo huo unaozaa matundu kama la DCCP. Ndiyo maana mwaka 2013, Linux 3.8 iliachana na chipu ya 386, ile ile ambayo Torvalds alianzia. Hakuna aliyekosa usingizi, kwa sababu karibu hakuna aliyekuwa akiitumia kwa kazi tena.

Kwa hivyo kipimo kisiwe umri wa mashine. Kiwe maswali mawili: kuna watu wanaoitegemea, na kuna wa kuitunza? Mkulima wa chai hupogoa kichaka ili kichipue upya; hakingoi kwa sababu tu kimezeeka.

Na tusisahau upande wa pili: vitu vya hiari vinavyosaidia wanyonge viwashwe tangu mwanzo. Kuna zram, inayobana data ndani ya RAM ili GB 2 zifanye kazi ya zaidi. Fedora iliiwasha kwa kila mtu tangu toleo la 33, mwaka 2020. Mwenye RAM ya GB 32 hapotezi kitu. Wa Longisa anapata laptopu inayofungua kurasa tatu bila kuganda.

Linux iko wazi, na huhitaji digrii kutuma ripoti ya hitilafu au kusema draiva fulani bado inatumika. Walio na mashine mpya hawawezi kujua tunachotumia huku tukinyamaza. Ukiona kifaa chako kimeachwa nje, usiishie kulalamika kwa WhatsApp. Waandikie wanaohusika, taja mashine na kazi unayoifanyia.