Kioja Hakina Kisa

Juzi nilikuwa kwenye daladala, Mbagala kwenda Kariakoo, foleni imekaba pale Mtoni, redio ya dereva iko juu kama kawaida. Mtangazaji akafika kwenye kile kipengele chake cha vioja vya dunia. Akasoma: bibi mmoja huko Marekani kajimwagia kahawa yake mwenyewe mapajani, kaishtaki kampuni iliyomuuzia, kalipwa mabilioni. Mwenzake wa studio akacheka mpaka akakohoa. "Duniani kuna mambo!" Konda naye akadakia: "Mimi nikimwagikiwa na chai ya mama ntilie, nani atanilipa?" Gari zima likacheka. Na mimi nilitabasamu, siwezi kujitoa. Kisha wimbo ukaingia.

Habari ile naijua. Ni ya mwaka 1992. Imeshapita miaka zaidi ya 30 na bado inasomwa kama ya jana jioni, na hilo peke yake lilitakiwa litushtue. Bei ya sukari ya mwezi uliopita hakuna anayekusomea leo. Lakini kioja hakichachi. Hakina tarehe, hakina mji, watu wake ni "bibi mmoja" na "jamaa mmoja", mahali pake ni "huko China" au "huko Marekani". Na zaidi ya yote, kioja hakina kisa.

Kiswahili kina hili neno moja, kisa, linalobeba mizigo miwili. Kisa ni hadithi: kaa nikupe kisa. Na kisa ni sababu: wamegombana, kisa nini? Ukimsimulia bibi yangu jambo bila kumweleza lilikotoka, hatacheka wala hatalia. Atakuuliza tu, "Sasa kisa?" Siku hizi wenye vichwa vya habari wamelichukua neno hilohilo na kuligeuza panga. "Amtimua mke kisa chumvi." Chumvi! Kama vile ile ndoa ilikuwa na afya mpaka saa saba mchana, chakula kilipotengwa. Chumvi ndiyo iliyokuwepo mezani siku ile, basi. Ya miaka sita nyuma yake hakuna aliyeuliza.

Ninachodai ni kwamba habari nyingi tunazoziita za ajabu hazikuzaliwa za ajabu. Kuna mtu amekaa na mkasi, akakata sababu, akatuachia tukio likining'inia hewani, nasi tukaliona linachekesha. Na mwenye mkasi mara nyingine ana faida yake.

Turudi kwa yule bibi. Alikuwa na miaka 79, mkazi wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Hakuwa anaendesha gari, kama wengi wanavyosimulia. Aliyeendesha ni mjukuu wake, na alikuwa amesimamisha gari ili bibi atie maziwa na sukari. Ndani hamkuwa na pa kuweka kikombe, akakibana katikati ya magoti, akafungua kifuniko, kahawa yote ikamwagika. Alivaa suruali ya mazoezi, kitambaa chake kikainyonya kahawa na kuishikilia kwenye ngozi. Sasa, kampuni yenyewe, McDonald's, ilikuwa imeagiza kahawa yake iwekwe kwenye nyuzijoto kati ya 82 na 88. Kahawa ya joto hilo ikikupata, ngozi inaungua hadi ndani kwa sekunde chache tu. Bibi aliungua mapaja, makalio na sehemu za siri. Alilazwa siku 8, akabandikwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili wake mwenyewe.

Hakuanza kwa kudai mamilioni. Aliomba dola 20,000 za matibabu na hasara nyingine. Kampuni ikamjibu: dola 800. Ndipo wakafikishana mahakamani, mwaka 1994, na humo mahakamani ikafahamika kwamba kwa miaka 10 kampuni ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 700 za watu walioungua na kahawa hiyohiyo. Mia saba. Kampuni ilijua, na joto halikushushwa. Wale raia waliokaa kusikiliza kesi walisema bibi naye ana kosa lake, wakampa asilimia 20 ya lawama, wakakata fidia yake kwa kiasi hicho. Zile dola milioni 2.7 zinazotangazwa mpaka leo zilikuwa adhabu kwa kampuni, zikikadiriwa kwa mauzo yake ya kahawa ya siku mbili hivi. Siku mbili! Na hizo nazo jaji alizipunguza hadi 480,000, jumla na fidia ikawa 640,000. Mwishowe pande mbili zikamalizana nje ya mahakama kwa kiasi ambacho hakikutangazwa.

Hayo ya jaji hayasomwi redioni. Mtangazaji angeyasoma, kipengele kingekufa palepale.

Najua utakaloniambia: mbona kahawa ya kijiweni nayo ni ya moto? Ni ya moto, ndiyo. Lakini muuza kahawa wa Kariakoo anakumiminia kikombe kidogo cha kushika kwa vidole viwili, umekaa kwenye benchi, yeye kasimama hapo anakuangalia, na ukiunguza ulimi utamsema mbele ya wazee wote na kesho hatauza. Hana ofisi ya kupokea malalamiko 700 na kuyafungia kabatini. Ukubwa ule wa kikombe ni busara tosha.

Na kicheko chetu kilimsaidia nani? Huko Marekani, watu waliotaka sheria za kubana fidia zinazodaiwa makampuni walikuwa wakiinua mfano huu kila walipopata jukwaa: tazameni wananchi walivyo walafi, bibi kamwaga kahawa kawa tajiri. Mwaka 2011 Susan Saladoff, mwanasheria aliyegeuka mtengeneza filamu, alitoa filamu nzima, *Hot Coffee*, kuonyesha mzaha huo ulivyotumika. Kwa hiyo pale Mtoni, kwenye foleni, sisi tusio na hata senti kwenye kampuni ile, tulikuwa tunaifanyia kazi bure. Konda wetu, ambaye siku akivunjika mguu kazini hajui pa kwenda kudai, alikuwa anamcheka mtu aliyethubutu kudai. Hilo liliniuma kuliko mzaha wenyewe.

Kuna vioja vya halali, nakubali. Aprili mosi ya 1957 televisheni ya BBC iliwaonyesha Waingereza familia ya Uswisi ikivuna tambi mtini, na baadhi ya watazamaji wakauliza watapataje mche. Cheka, hiyo imetengenezwa ili uicheke, na hakuna aliyeumia. Lakini ile ya jeshi la Australia "kushindwa vita na ndege" mwaka 1932? Inazungushwa kila mwaka: askari wenye bunduki mbili za rashasha na risasi 10,000, wakiwafukuza emu, ndege warefu jamaa ya mbuni, na ndege wakashinda. Kilichokatwa ni kwamba wenye mashamba kule Campion wengi walikuwa askari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza, wamegawiwa ardhi ngumu, bei ya ngano imeporomoka na mdororo wa dunia, halafu emu wanaokadiriwa 20,000 wakaingia shambani. Watu walikuwa wanafilisika. Ukilijua hilo, bado unaweza kucheka kidogo. Ila unacheka ukijua unamcheka nani.

Nimeshataja kahawa, basi twende kwenye kahawa yenyewe, Bukoba. Maana kioja kikubwa kuliko vyote ambacho dunia inacho kuhusu nchi yetu kilitoka huko.

Ukisoma orodha yoyote ya maajabu ya historia utakikuta: mwaka 1962, Tanganyika, watu walishikwa na kicheko kwa mzaha mmoja, wakacheka mwaka mzima bila kukoma. Wazungu wanakipenda sana. Sisi pia tunakipenda, tunakirusha kwenye simu na kujisifu kwamba hata kwa kucheka tuliwahi kuongoza. Soma sasa kilichokatwa. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana ya misheni, Kashasha. Tarehe 30 Januari wasichana watatu walianza. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapata hali ile. Walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na mwaka uliofuata wakaandika walichoona: kicheko na kilio pamoja, kutotulia, kukimbia, kupambana na anayejaribu kuwashika. Wasichana walisema wanahisi mtu anawakimbiza. Mzaha uliowachekesha hautajwi popote, kwa kuwa haukuwepo. Hali humpata mtu, ikamwachia, ikarudi. Aliyechukua muda mrefu zaidi ilimwandama siku 16. Homa hakuna, sumu hakuna, aliyekufa hakuna. Shule ilipofungwa walirudishwa majumbani, na hali ikafuata: Nshamba watu 217, wengi wao vijana, kisha shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba, 48 kati ya 154.

Miaka 45 baadaye msomi Christian Hempelmann aliandika kuieleza dunia kwamba kicheko kile hakikuwa furaha. Kilikuwa dalili mojawapo tu ya watoto waliolemewa. Tazama tarehe. Uhuru ulikuwa Desemba 9, 1961. Wiki saba baadaye msichana wa miaka 14 yuko bwenini, mbali na mama yake, kwenye nidhamu ya kimisheni, na kila mtu mzima anamwambia kwamba taifa jipya linamtazama yeye. Hana ruhusa ya kusema nimechoka. Mwili ukasema. Dunia ikasikia kicheko.

Hapa kuna mtu atasema hayo ni ya kale. Ningependa yawe ya kale. Kila mwaka husikosi habari za shule fulani, wasichana "wameanguka mapepo", wanapiga kelele uwanjani, masomo yamesimama, mchungaji na shehe wameitwa. Nayo siku hizi inakuja na video.

Mpwa wangu yumo kwenye mojawapo. Kidato cha pili wakati ule, wiki ya mitihani. Aliyepiga picha alikuwa mtu mzima. Kuna sehemu anacheka, unasikia pumzi zake karibu na simu. Mtoto yuko chini, sketi imepanda, wenzake wawili wanajaribu kumfunika kwa kanga na yeye anawasukuma. Chini yake mtu ameandika maneno ya mzaha na kupanga vile vinyago vya kulia kwa kicheko, vitano. Video ile ilizunguka kwa watu tusiowajua mpaka ikaja kutua kwenye kundi la familia yetu, imetumwa na mjomba ambaye hakumtambua mtoto wake mwenyewe wa kulea. Alikuwa ameandika: "Duniani kuna mambo."

Mama yake ndiye aliyemtambua, kwa kanga. Ilikuwa yake.

Tulimuuliza mtoto baadaye, taratibu. Alisema walikuwa wanaamshwa saa kumi alfajiri kujisomea, walikuwa wamekatazwa kwenda nyumbani mpaka mitihani iishe, na mwenzao mmoja alikuwa ametoka kufiwa na baba na hakuruhusiwa kwenda kuzika. Ndiye aliyeanguka wa kwanza. Hicho ndicho kisa. Kilikuwa pale bwenini, kwa yeyote ambaye angeuliza swali moja. Mwenye simu hakuuliza, mhariri aliyeipandisha kwenye ukurasa wake hakuuliza, na mjomba, Mungu amsamehe, naye hakuuliza.

Wenzangu waandishi huniambia nawaonea watangazaji: watu wamechoka, maisha magumu, asubuhi waache wacheke hata dakika tano. Sikatai watu wacheke. Nakataa kwamba dakika tano hazitoshi kutaja mwaka. Mtangazaji aliyepata muda wa kusema "kajimwagia mwenyewe" alikuwa na muda wa kusema "mia saba waliungua kabla yake." Ni maneno matano. Na ajaribu aone kama gari litacheka bado. Wengine watacheka, najua, lakini konda, namdhania mema, angeuliza hao mia saba walilipwa nini.

Mpwa wangu amehamishwa shule. Mjomba alikuja na mbuzi kuomba radhi, ikapokelewa. Video ipo bado. Wiki mbili zilizopita ilipita tena kwenye kundi la wazazi wa shule ya mwanangu mdogo, na safari hii imeandikwa kwamba ni Malawi.