Kijana wa Kibera na mto usionuka

Mtoto wa Kibera akisikia neno mto huziba pua. Anaujua Mto Ngong upitao katikati ya mabanda ukibeba takataka na maji ya choo hadi Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, ambako zamani watu walishindana kwa mashua za tanga. Mwenzake wa Kawangware naye anaujua Mto Nairobi. Kwao wote, maji safi ni yale ya kununua kwa mtungi wa lita 20.

Ndiyo sababu juzi nilifuatana na vijana wanane wa mitaa hiyo hadi Sagana, yapata kilomita 100 kutoka jijini, kuteremka Mto Tana kwa boti la mpira. Wenye pesa zao huifuata starehe hii mbali. Huko Alaska, Marekani, hupelekwa kwa ndege ndogo hadi milima ya Brooks, wakauteremka Mto Kongakut na kiongozi wao kwa siku kadhaa bila kuona nyumba wala barabara. Sisi tulipanda matatu.

Kabla ya kugusa maji, kiongozi alikagua kofia ngumu na jaketi la kuelea la kila mmoja. Akatueleza kwamba mikondo hupimwa kwa daraja la 1 hadi la 6. Ukianguka, lala chali, nyayo zitangulie kule maji yaendako. Usijaribu kusimama, kwa maana mguu ukinaswa na mawe, nguvu za maji zitakulaza kifudifudi.

Kijana mmoja wa Kibera alicheka. "Mimi ni mtu wa mtaa, maji yatanifanya nini?" Kuogelea hakujui, angejifunzia wapi?

Kwenye poromoko la tatu boti liliinuka upande mmoja, naye akatoweka. Nilikufa ganzi. Alipoibuka alikuwa chali, nyayo mbele, kama alivyoambiwa! Kiongozi akamrushia kamba. Hakusema neno hadi tulipofika penye maji matulivu. Hapo akachota kiganja cha maji, akayanusa.

"Hayanuki," alisema taratibu.

Nilimweleza kwamba maji anayonunua mama yake yana undugu na hayo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 na linaloinywesha Nairobi, liko kwenye Mto Thika, uingiao Tana. Mto Ngong nao huungana na Mto Nairobi, ukaingia Athi, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Tunachotupa mtaani hukutana na mtoto mwingine huko mbele, mwenye ndoo mkononi.

Mzazi mwenzangu, wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mpeleke mwanao akauone mto ungali hai. Ila aende na kiongozi ajuaye kazi yake, na ubishi auache nyumbani.