Mgonjwa haulizwi uji, lakini jina je?

Kama unaumwa, basi pole, na ya leo yanakuhusu zaidi.

Sisi watu wa Kawe tunaishi na madaktari wa kesho. Chuo cha Kairuki, kilichoanza mwaka 1997, kiko hapo Mikocheni, pua na mdomo na sisi. Wengine wanapanda magari kwenda Muhimbili. Asubuhi tunabanana nao kwenye daladala, koti jeupe limekunjwa mkononi, daftari limejaa maneno marefu kama treni ya Kigoma. Ni vijana wazuri. Mzee akipanda wanampisha kiti, na shikamoo wanatoa. Swali langu ni moja tu, na silielekezi kwa chuo fulani: ile shikamoo ya kwenye daladala, mbona kwa wengine ikifika wodini inayeyuka?

Nakupa kisa. Bibi mmoja wa mtaani kwetu Ukwamani alilazwa katika hospitali fulani ya jiji hili (jina kapuni). Niliruhusiwa kubaki kidogo nimnyweshe uji. Mara likaingia kundi la wanafunzi kama kumi, mbele yao daktari wao mkubwa. Shuka likafunuliwa bila hodi. Wa kwanza akabonyeza tumbo, wa pili akabonyeza palepale, wa tatu naye hakubaki nyuma. Ung'eng'e ukamwagika juu ya kitanda, negativu hii, negativu ile. Faili likafungwa, wakahamia kwa jirani. Jina la bibi halikutajwa hata mara moja. Yeye alikuwa "kitanda namba sita".

Walipoondoka akanikamata mkono. "Mwanangu, umesikia? Wamesema negativu. Si ndiyo mbaya hiyo?" Uji akaukataa, akaanza kuniusia: kiwanja apewe nani, vitenge vyake apewe nani. Masikini ya Mungu, kumbe kwa lugha ya vipimo, negativu maana yake ugonjwa uliokuwa unatafutwa haukuonekana!

Aliyemwokoa ni binti mmoja wa kundi lilelile. Alirudi peke yake, akainama. "Shikamoo bibi. Mimi bado nasoma. Unaitwa nani bibi yangu?" Halafu akamweleza habari ya vile vipimo kwa Kiswahili cha kawaida, kile cha sokoni. Dakika tano hazikufika. Bibi akauliza uji wake uko wapi.

Najua wapo watakaosema huruma mtu anazaliwa nayo, haifundishwi. Mimi nakataa. Huko Marekani, katika chuo cha udaktari cha Jefferson mjini Philadelphia, watafiti waliwafuatilia wanafunzi mwaka hadi mwaka, matokeo yakachapishwa 2009. Huruma ilishuka vibaya mwaka wa tatu. Huo ndio mwaka wanaoingia wodini! Yaani kijana anakuja na huruma yake kutoka kwa mama yake, anaiacha mlangoni mwa wodi.

Kwa nini? Wahenga walishajibu: mwana hutazama kisogo cha nina. Mwanafunzi anamtazama mkubwa wake. Mkubwa akifunua shuka bila hodi, mdogo anadhani huo ndio udaktari wenyewe. Na hapa kwetu udaktari ni miaka mitano, na mwaka wa tatu ndipo wanapoanza kuzoea wodi. Kazi kwenu, walimu.

Tena msidanganywe na ukimya wa wagonjwa. Kuna utafiti uliofanyika mkoani Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, ukachapishwa 2014. Kina mama waliojifungua waliulizwa wakiwa wanatoka hospitalini, na karibu mmoja kati ya watano alisema alifokewa, alipuuzwa au alitendewa vibaya kwa namna nyingine. Baadhi yao walipofuatwa wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walikuwa zaidi ya mmoja kati ya wanne. Mnaona mambo hayo? Mtu akiwa bado ndani ya geti anameza maneno, maana kesho si atarudi palepale?

Hapa nisionekane nawaonea madaktari. Mwaka 2012 tulishuhudia migomo yao, na sehemu ya madai ilikuwa hali mbovu ya kazi na vifaa. Anayekesha na wodi iliyofurika naye ni binadamu, anachoka, anakasirika. Lakini jamani, shikamoo haitoki bohari ya dawa. Haina foleni wala bajeti.

Kwa hiyo leo daktari ni mimi. Dawa yangu ni hii, na itumike kwa kila mgonjwa. Kwanza, salamu na jina lake. Pili, hodi kabla ya kugusa shuka, na pazia kama lipo livutwe. Tatu, usiondoke kitandani kabla hujamweleza kwa Kiswahili yale mliyosema kwa kimombo. Na walimu wayatie hayo kwenye mtihani, wayape maksi za kufaulu na kufeli. Mwanafunzi namjua mimi, kisichokuwa na maksi hakisomi!

Wahenga waliposema mgonjwa haulizwi uji, walikuwa na maana kwamba mwenye shida asingojwe aombe, apewe. Hawakusema asiulizwe jina, wala hawakusema asiambiwe kinachomsibu.

Wiki ijayo Mungu akipenda. Alamsiki.