Bashraf, Bangi na Sikio

Vijana wetu wa Maskati wanaambiwa, shuleni na misikitini, kwamba dawa za kulevya zinaharibu akili na kuvunja nyumba. Ni kweli, na hakuna ukurasa wa toleo hili utakaopinga hilo. Lakini kuna jambo wanalolisikia kwa wenzao ambalo sisi wakubwa hatulijibu: kwamba ukivuta, wimbo unageuka. Besi inashuka kifuani, ala ambayo hukuwa ukiisikia inajitokeza peke yake, wimbo wa dakika nne unakuwa kama wa nusu saa. Kijana akiambiwa hivyo na rafiki yake ndani ya gari, na nyumbani kwao hakuna anayethubutu kuligusa, atamwamini rafiki. Ndiyo maana tumeamua kuligusa.

Tuanze kwa kukubali lililo kweli. Bangi inavuruga hisia ya wakati, na muziki umefumwa kwa wakati. Ukiuvuta wakati, lazima wimbo uvutike nao. Inadhoofisha pia kumbukumbu ya muda mfupi, kiasi kwamba pigo la ngoma lililopita dakika iliyopita linarudi kama jipya. Na si bangi tu. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College, London, waliwapa watu dawa ya LSD kisha wakawapigia muziki, na wasikilizaji wakasema hisia zao zilipanda. Anayemwambia mwanawe kwamba hakuna kinachobadilika atakuwa amepoteza imani ya mtoto huyo kabla hajafika kwenye yale mengine.

Yale mengine ndiyo hayo sasa. Mwaka 2018 University College London walitoa utafiti juu ya bangi na muziki, wakiangalia ubongo wa msikilizaji ndani ya mashine. Bangi kali, ile isiyokuwa na kiambato kinachoitwa CBD, ilipunguza mwitikio wa ubongo kwa muziki, katika sehemu za kusikia na katika sehemu za raha na hisia. Wakati huohuo hamu ya kusikiliza muziki ilipanda. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Mtu anautaka wimbo zaidi, na ubongo wake unaupokea pungufu. Mimi sijaona maelezo bora ya kijana anayerudia wimbo mmoja usiku kucha ndani ya gari lililoegeshwa.

Kuna la zamani zaidi linalonigusa kuliko hayo ya mashine. Howard Becker, msomi wa Chicago aliyekuwa pia mpiga piano katika mabaa, aliandika mwaka 1953 kuhusu namna mtu anavyokuwa mvutaji wa bangi. Aligundua kwamba wengi wanaovuta mara ya kwanza hawaoni kitu. Lazima wenzao wawaonyeshe namna ya kuvuta, kisha wawafunze kuitambua hali yenyewe, kisha wawafunze kuiona kuwa ni raha. Kwa hiyo hata ile stimu inayosifiwa imefundishwa barazani. Basi kama raha ya kusikiliza inafundishwa, swali langu kwa wazazi wa Darsait, Ruwi na Wadi Kabir ni hili: nani anawafundisha watoto wetu kusikiliza?

Ami yangu mmoja alifundishwa. Alitoka Unguja baada ya 1964, akafika Oman baada ya 1970, na kaseti zake za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, anaziweka kwenye kopo la biskuti. Anakaa hapahapa Darsait, ghorofa ya pili, jirani zake ni Wahindi wanaokwenda hekalu la Krishna, na dirisha lake linatazama vile vilima vyeusi vya mawe. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya isha, inaletwa kahawa chungu na halwa, kaseti inaingizwa, na bashraf, ule utangulizi wa ala tupu, inaanza. Wakati wa bashraf hakuna anayesema. Ala ya kanuni inatangulia, fidla zinaipokea, inazunguka na kurudi. Mimi humtazama mkono. Kidole chake cha shahada kinanyanyuka kabla mwimbaji hajaingia, mapema kidogo tu, na sijamwona akikosea. Ukifika ubeti anaoungoja anatamka “Allah!”, anatoa noti ya rial moja mfukoni, anaiweka juu ya redio kaseti. Anamtunza mwimbaji, kama alivyokuwa akitunza ukumbini. Wajukuu wanaigombania ile noti baadaye, lakini wakati wimbo unaendelea hawaigusi.

Watafiti wa McGill, Montreal, walipima kitu hichohicho mwaka 2011 bila ya kumjua ami. Waliwapigia watu nyimbo zinazowasisimua mpaka malaika zikawasimama, wakakuta dopamini inamwagika ubongoni mara mbili: pale penye kilele chenyewe, na kabla yake, mtu anapokingoja. Kungoja huko hakuwezekani bila kuijua njia. Asiyeijua bashraf hajui nini kinakuja, hana cha kungojea. Hapa ndipo ninapotia hoja yangu: dawa inayodhoofisha kumbukumbu inampa msikilizaji mshangao wa kila pigo, na inamnyang'anya kungoja. Nikiambiwa nichague, nachagua kidole cha ami.

Unga, yaani heroini, ni habari nyingine kabisa, na hapa sina subira na wanaouweka fungu moja na bangi. Unatoka Afghanistan, unashuka pwani ya Makran, unavuka bahari hii yetu kwa majahazi kwenda Afrika Mashariki. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Zilizopita bila kukamatwa ndizo zilizotumaliza Unguja, Mombasa na Lamu. Kwa muziki, kisa chake ni hiki. Mwili una afyuni yake wenyewe, na ni sehemu ya raha ya wimbo: mwaka 2017, huko huko McGill, watu walipewa naltrekzoni, dawa inayoizuia afyuni hiyo, na nyimbo walizozipenda zikawapoa, za furaha na za huzuni sawasawa. Heroini inaufurikisha mlango unaopokea afyuni hiyo mpaka unakufa ganzi. Wanaowahudumia waliotoka kwenye arosto, maumivu ya kukosa unga, wanaijua ile miezi ambayo mtu haoni ladha ya chakula, ya mazungumzo, wala ya wimbo aliokuwa akiupenda utotoni. Inarudi, polepole, kwa anayesaidiwa. Kwa walio hapa, hospitali ya Al Masarra, Al Amerat, inatibu uraibu, na mgonjwa kwetu si aibu ya kufichwa chumba cha nyuma.

Limebaki suala la mirungi, ambalo limetugawa ofisini. Kwa sheria ya Oman ni marufuku, Tanzania ni marufuku, Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014. Kenya inauzwa mchana kweupe, na magari yanakimbia nayo kutoka Meru kwa sababu nguvu yake inapungua ndani ya siku mbili tangu kuchumwa. Yemen wanatafuna alasiri katika kikao cha maqyal, na humo mnaimbwa wimbo wa mji wa Sana'a, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2003. Mimi naona jani lile linamkeshesha msikilizaji na kumwibia usingizi, afya na mshahara. Mwandishi wetu wa Mombasa ananipinga: anasema bila ya jani kikao cha kwao kingevunjika saa tatu usiku, na nyimbo ndefu za kale zisingekuwa na wa kuzimaliza. Sikukubaliana naye, lakini ameikalia mikeka ya vikao hivyo miaka mingi na anawajua waimbaji wake. Makala yake nimeiweka ya kwanza, bila ya kuondoa neno.