Kamera Si Pilau, Achaneni na Mchele

Wasee, tuambiane ukweli. Juzi tulikuwa kwa boti Ziwa Naivasha tukishuti video. Alasiri upepo ukaamka, mvua ikashuka, wimbi likaruka ndani, kamera ikalowa chapachapa. Niliacha chuo nifanye hii kazi, na kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Kelele ikaanza: "Washa tuone kama imekufa!" Nami nikawasha. Ikamulika mara moja, ikazima. Mpaka leo.

Nisikizeni. Kinachoua kamera haraka ni stima kukutana na maji: shoti moja, bodi imeungua. Kwa hivyo toa betri kabla hata hujapanguza uso wako. Halafu toa memori kadi na lenzi, fungua kila kifuniko, iache penye hewa siku kadhaa, kisha fundi aifungue aisafishe. Ikiwa ni maji ya Ziwa Nakuru au Elementaita, kimbia kwa fundi siku hiyo hiyo. Hayo ni ya magadi, na chumvi hubaki ikila waya hata baada ya kukauka.

Na huo mchele mnaomshauri kila mtu? Haufiki kwenye bodi, unaacha vumbi tu. Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaonya watu wasiweke iPhone kwa mchele.

Memori kadi ilipona. Lakini mwenye kamera ananidai, na waliopiga kelele hawashiki simu. Ukisikia "washa tuone", muulize kwanza kama atalipa.