Kikapu cha Pasaka kiwe na kazi hata Jumanne

Pasaka hiyooo, na hapa Dodoma watu washaanza kuulizia vile vikapu vya dukani: kasungura, mayai matatu ya chokoleti, nailoni inang'aa juu. Dogo anachana nailoni, anakula, Jumanne kikapu kiko jalalani. Jamani, rambo si tuliziaga tangu Juni 1, 2019? Hii si ni rambo iliyovaa shela!

Mimi nasema hivi: chombo chenyewe kiwe zawadi. Wadogo zangu kule Iguguno, mmoja nampelekea kikapu cha kusuka. Pipi zikiisha, mama anaendea nacho gulioni. Mwingine ndoo ndogo yenye mfuniko, ya kuchotea maji. Wa darasa la pili begi, ndani madaftari. Elimu ni bila ada, ila madaftari bado mzazi ananunua. Kitindamimba nafunga vyake kwenye kanga, basi.

Na mayai? Singida kwenye kuku wa kienyeji ukabebe chokoleti? Itayeyuka kwenye basi hata Manyoni hamjafika! Chemsha ya nyumbani, watoto wapake rangi wenyewe.

Bumu lenyewe si mnalijua. Bora linunue kitu kitakachoonekana hadi Krismasi.

Nyie mnabeba nini? Nawasilisha.